Fundo la Bega la Kulia

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa kikohozi cha Mama kilichokataa kuhama, na fundi cherehani wa jirani ambaye yeye amehamia kwetu kabisa. Kila jioni yupo, na kila jioni anaondoka na kijiko chetu cha sukari. Mimi mzima. Jino langu lililovunjika bado limevunjika, kwa hiyo unaweza kuendelea kuniita Kijino. Goti lako je? Nisalimie wote hapo, na baba mkubwa pia, ingawa tangu nijue kuandika namsalimia na hajanijibu hata siku moja. Mwambie salamu hazing'ati.

Sasa kaa chini nikupe habari. Mama amepiga picha! Yule yule anayekimbilia jikoni akiona kamera, binti yake ana studio na yeye hana hata picha ya kitambulisho. Nilimbembeleza mwezi mzima. Mwishowe akasema sawa, moja tu, ya kumpelekea wifi yangu, basi. Akafungua sanduku, akatoa shuka yake ya ndoa ambayo mimi sijawahi kuiona imekunjuliwa. Shangazi, ile rangi! Nikamuuliza mistari maana yake nini, akanionyesha kwa kidole: manjano ni nyumba uliyotoka, kijani ni nyumba uliyoingia, na utepe mwekundu wa pindoni ni alama ya mwanamume aliyekuoa. Halafu akanihimiza nipige upesi, ana mboga motoni.

Filamu yangu ni ya nyeusi na nyeupe, lakini rangi nimepaka mwenyewe kwa brashi, mstari kwa mstari, shuka ikiwa mbele yangu ili nisikosee. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nakala yako nimempa kondakta wa basi aiache zahanati kwako, maana posta nawajua, picha itakufika kabla ya barua hii. Nyingine kubwa nimeitundika dirishani mwa studio. Mama mwenyewe hajui, haji mbele kabisa, anapita mlango wa nyuma. Watu wanasimama barabarani kuitazama, na wanawake wameanza kuja na shuka za bibi zao kwenye mifuko, wanataka kupigwa vile vile. Niandikie maana za mistari mingine, nisije nikamvisha binti wa watu nguo ya mjane.

Mwanao,
Kijino

&nbsp;

13 Februari

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Sijui niandike nini.

Picha imefika leo mikononi mwa kondakta, bila barua. Nilikuwa nafagia zahanati. Nimeiona nikakaa pale pale sakafuni, muuguzi akafikiri goti. Nikasema ndiyo, goti. Nilipofika nyumbani nikaingia chumba cha magunia, nikajifunga mdomo kwa upande wa kanga nikalia, maana humu ndani siruhusiwi kumlilia mama yako, wala jina lake halitajwi.

Amefariki lini? Ni kile kikohozi? Na kwa nini hukuniita? Unajua mwanamke wa kwetu akijua siku zake zimefika, ni wifi yake anayemhamishia fundo la shuka kutoka bega la kushoto kwenda la kulia. Anakaa kitini akiwa amefungwa hivyo, anaagana na watu, na anazikwa hivyo. Ni kazi ya wifi, si ya mtu mwingine. Sasa namwona wifi yangu amekaa kitini kwako, fundo liko kulia, macho yake yale yale, na mimi niko huku nafagia. Nani kamfunga? Mlimpata nani wa kumfunga wakati mimi nipo hai?

Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo. Niandikie haraka, utume zahanati kama siku zote, kamwe usitume nyumbani.

Shangazi yako

&nbsp;

25 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe, nisamehe, nisamehe. Mama ni mzima! Sasa hivi ninapoandika yuko nyuma anagombana na fundi cherehani kuhusu kijiko. Najua barua yangu ya kwanza itakuwa imekufika sasa, lakini nalala nikikuwaza kwenye yale magunia na sipati usingizi.

Kosa ni langu. Negativu ni kitu chepesi, kama jani la plastiki. Ukiiweka kwenye mashine ya kukuzia kwa upande wake, picha inatoka sawa. Ukiigeuza, inatoka kinyume, kulia inakuwa kushoto, kama kwenye kioo. Fundo la Mama liko kushoto, alifunga mwenyewe. Mimi ndiye niliyelihamisha gizani bila kujua. Kwa kawaida nagundua mara moja, kwa sababu nyuma ya mteja kuna saa ya ukutani au bango lenye maneno, na maneno yakisomeka kinyumenyume najua nimegeuza. Siku ile nilitaka Mama aonekane yeye na shuka yake tu, nikaweka pazia tupu. Pazia halina kulia wala kushoto.

Nitaichapa upya, iliyonyooka, niitundike. Ila nina maswali. Kwa nini ulie kwenye magunia? Kwa nini jina la Mama halitajwi? Nilipomsomea barua yako hakucheka hata kidogo. Aliinuka akaniamuru nifunge mlango wa mbele kwa funguo, saa tisa mchana, wateja wako nje. Akaniuliza kama kuna picha nyingine zaidi ya yako. Nikasema hakuna. Nimemdanganya, Shangazi, na sijui hata kwa nini niliogopa kusema kweli.

Na jambo moja dogo. Mchuuzi mmoja wa vitambaa alisimama dirishani muda mrefu, akaingia akauliza huyu mama ni wa wapi. Nikamwambia. Nilijivuna, nikamwambia kila kitu, kijiji na mistari yote.

Kijino

&nbsp;

9 Machi

Mwanangu,

Salamu ziwe fupi. Goti linauma, mvua imekataa, mimi nipo. Barua hii nampa kondakta mkononi. Isome peke yako kwanza, halafu msomee mama yako. Na ile picha usiiguse! Usiichape upya, usiiondoe dirishani, iache kama ilivyo.

Uliambiwa baba yako alikufa wewe ukiwa mgongoni. Hakufa. Huyo unayemwita baba mkubwa ndiye baba yako. Salamu zako zote hizo sikuwahi kumfikishia hata moja. Hajui kama unaandika, hajui kama mnaishi, na nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii nikipika na kunyamaza.

Ni mtia rangi vitambaa. Ile shuka ya mama yako aliitia rangi yeye, utepe mwekundu ni wake, hakuna mwingine anayeutoa wekundu ule. Na mkono wa mama yako, ule uliopinda kwenye kiwiko, ambao alikwambia alianguka kisimani, aliuvunja yeye kwa mchi wa kupondea rangi. Mama yako alipoondoka, kaka yangu alisema mbele ya watu kwamba atamtafuta mpaka amrudishe, na akimrudisha hatatoka tena kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango mama yako. Hilo halijui mtu.

Jana yule mchuuzi wako alikuja kununua shuka. Nilikuwa nawapelekea maji. Nilimsikia akisema, nimeiona kazi yako mjini, kwenye dirisha la picha, imevaliwa na mwanamke. Kaka yangu aliweka kikombe chini taratibu. Hakufoka. Akifoka huwa siogopi sana, inapita. Aliuliza tu mtaa gani. Leo anafunga mizigo, anakuja wiki ijayo au ile nyingine, anasubiri shuka zikauke.

Sasa nisikilize. Ukiiondoa picha atajua unaficha, atakesha mtaani kwako. Ukiiacha, ataona nilichokiona mimi: fundo kulia. Nilikuwa na akili zangu na nililia, yeye hatakuwa na sababu ya kutoamini. Mama yako mwondoe kabla hujala chakula chako kingine. Usijibu maneno mengi, picha itasema. Wasiwasi wangu ni ule mkono. Kwenye picha yako umehamia upande usio wake. Niombee asikumbuke.

Na atauliza nani alimfunga. Lazima aulize. Ukisema mgeni, hataamini, na ukisema hujui, hataamini. Sema ni mimi. Sema nilikuja siku niliyoaga naenda kwa wakwe zangu. Usipepese macho.

Shangazi yako

&nbsp;

1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Yuko kwa fundi cherehani, chumba cha ndani, nyuma ya marobota ya vitambaa, na sitasema tena neno juu ya sukari ya yule mwanamke maisha yangu yote.

Amekuja.

Siku zile za kusubiri sikuweza kufanya kazi. Nilipiga watu bila vichwa. Kila mwanamume aliyesimama dirishani nilimtazama vidole, maana Mama alisema, mtazame vidole. Na ndivyo nilivyomjua, kucha zake ni za kijani na nyekundu mpaka kwenye nyama. Mtu mzima, amevaa shati safi limepigwa pasi. Shangazi, nilifikiri nitaona jitu. Nimeona mzee mwenye masikio kama yangu.

Alisimama nje kwanza. Halafu akaingia, akavua kofia, akanisalimia vizuri kama mteja. Akauliza kama anaweza kuiona ile picha karibu. Nikaitoa dirishani, nikaiweka mezani chini ya taa. Nilikuwa nimeficha mikono mfukoni. Aliinama akaitazama sijui kwa muda gani. Alianza na utepe, akaupitishia kucha. Akaenda kwenye fundo. Akaenda kwenye mkono. Pale akakaa. Nikasema basi, sasa anakumbuka, sasa anageuka ananiuliza, na mimi sina jibu la mkono.

Hakuuliza. Amesahau mkono aliouvunja, Shangazi. Aliutazama pale ulipopinda, upande usio wake, na hakuona kitu.

Akaniuliza huyu ni nani wako. Nikasema ni mama yangu. Akanitazama usoni, polepole, akanipima. Nilijua amenijua. Akasema, "Nani alimfunga?"

Nilikuwa nimejifunza jibu kama mtoto anavyojifunza shairi la shule. Na lilipofika mdomoni halikutoka. Niliona jiko lako, ingawa sijawahi kuliona. Nikafikiri, nikisema mgeni, anabaki hapa mtaani na Mama yuko mlango wa pili. Nikisema Shangazi, anarudi nyumbani kwa Shangazi. Hakuna jibu la tatu, nimelitafuta.

Nikasema, "Shangazi."

Alivaa kofia. Akasema, "Kwa hiyo alijua mlipo." Akaomba picha, nikampa, akaikunja mara mbili, hivyo hivyo na rangi zake, akaitia mfukoni. Basi la kwenda kwenu liliondoka na yeye ndani, nimeliona kwa macho yangu.

Nimeandika hii nikiwa kituoni, basi linalofuata limeshawasha injini na kondakta ananisubiri. Ondoka. Ukiisoma hii usirudi nyumbani kuchukua hata kandambili, ondoka ukitokea zahanati. Nimekutaja mimi. Uliniambia nikutaje na nimekutaja, na sijui kama nitajisamehe.

Nilipomwambia Mama habari ya mkono, aliuliza mara mbili, "Hakumbuki?" Nilidhani atalia. Aliushika mkono wake ule akautazama, halafu akasema neno ambalo sitaliandika. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana hasira kuliko woga.

Kijino

&nbsp;

6 Aprili

Mwanangu,

Umefanya nilivyokutuma, sitaki kusikia habari ya kujisamehe. Nilijua nilichokuwa nakuandikia. Nilikuwa nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika lile neno.

Barua yako imefika baada yake. Amerudi. Hajaniuliza kitu. Anakula ninachopika, analala, anaamka, anatia rangi. Jana ameitundika picha ya mama yako ukutani sebuleni, ile iliyokunjwa, ameipigilia misumari mahali ambapo nikikaa kula lazima niitazame. Halafu anakaa mbele yangu, anatafuna, ananitazama mimi. Leo asubuhi nimeukuta mchi wa kupondea rangi umeegemezwa mlangoni mwa chumba changu. Nimeuchukua nikaurudisha mahali pake, nikamtengenezea chai.

Naogopa, Kijino. Sikuwahi kukuandikia neno hilo nalo ni la kweli. Barua zako zote nimezichoma jikoni, isipokuwa ile ya Februari uliyonielekeza habari za mashine na pazia. Hiyo niliisoma kwanza mara nyingi, halafu nikaichoma pia.

Nitakwenda kwa wakwe zangu, kwa watu wa marehemu mume wangu. Wifi yangu wa kule bado yupo. Ni mbali na hakuna anayejua njia ila mimi. Kama nitafika. Usiandike zahanati tena.

Mwambie wifi yangu kikohozi anywe maji ya moto.

Shangazi yako

&nbsp;

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijui natumia wapi. Niliandika zahanati ingawa ulinikataza, nikaweka jina la muuguzi juu. Barua imerudi. Nyuma mtu ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba mfagiaji hayupo tena. Hayupo kazini, au hayupo? Mtu anawezaje kuandika hivyo akaenda zake kunywa chai?

Mama amerudi nyumbani. Kikohozi kimepona, kwa maji ya moto. Ila chakula anakigusa tu. Nikimpikia anauliza, unafikiri naye amekula?

Barua hii naiweka kwenye droo ya negativu. Sina pa kuituma.

Kijino

&nbsp;

2 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo tena. Kikohozi hakijarudi. Fundi cherehani amenunua sukari yake mwenyewe, nasi tumeshangaa. Studio ipo, na siku hizi mwanamke akija na shuka ya ndoa namuuliza kwanza alifunga bega gani, kisha naweka kitu chenye maandishi nyuma yake, hata kama ni sanduku la sabuni.

Nikueleze ilivyokuwa, maana mengine huyajui.

Wiki iliyopita bahasha ilikuja studio. Mwandiko siujui, mnene, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Ndani kulikuwa na picha moja na kipande cha karatasi, kimeandikwa: "Na aliyemfunga mama yako amefungwa. Nimeletewa hii kutoka kwa wakwe zake. Nakutumia uione." Hakuna salamu, hakuna sahihi.

Picha ni wewe. Umekaa kwenye stuli, umevaa shuka yako, na fundo liko bega la kulia.

Sikuweza kumficha Mama, alikuwa nyuma yangu. Hakupiga kelele. Aliteremka ukutani taratibu mpaka akakaa chini, akasema, amekufa kwa ajili yangu, na mimi sikumfunga. Alirudia hilo tu. Nami nilikuwa nimesimama, picha mkononi, nawaza lile neno moja nililomwambia yule mzee chini ya taa. Nilimuua Shangazi kwa neno moja. Ndivyo nilivyoamini, na usiniambie nisiandike, niliamini kabisa, na ilikuwa mbaya kuliko siku aliyokuja mwenyewe.

Sijui kilichonifanya nichukue kioo changu cha kukuzia. Nafikiri nilitaka kukuona uso karibu. Ulikuwa umekunja midomo kama unayetaka kucheka mazishini. Nikasema, Shangazi hafanyi hivyo bila sababu. Nikaondoka usoni nikaenda ukutani. Nyuma yako, pembeni, nusu imefichwa na bega, kuna kalenda ndogo. Nikasoma jina la mwezi. Halikusomeka. Nikafikiri ni machozi, nikajifuta, nikasoma tena. Herufi zilikuwa zinaenda kinyumenyume, zote, na tarehe pia.

Shangazi, nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka.

Mama alinielewa taratibu. Nikamwambia, negativu imegeuzwa, Shangazi ameomba igeuzwe, fundo lake liko kushoto, amemtumia yule mzee picha ile ili asimtafute, na ile kalenda ameiweka kwa ajili yangu. Yeye alitazama fundo akatosheka, kama alivyotosheka na mkono wako, Mama. Ameiposti mwenyewe ili atuumize, na kumbe ametuletea. Mama akasema sikuamini, nionyeshe. Nikampeleka kwenye kioo kikubwa ambacho wateja wanachania nywele. Akaishika picha mbele ya kioo kwa mkono wake uliopinda, akatazama humo ndani. Kalenda ikasomeka: Julai. Fundo likawa kushoto. Akakusalimia pale pale kwa sauti, kama mtu anayempokea mgeni mlangoni, akakuuliza habari za goti.

Mpiga picha wa huko, kama sisi sote, amegonga muhuri wa studio yake nyuma ya picha, na anuani yake. Yule mzee hakugeuza nyuma, au aligeuza akaona hakuna haja ya kumtafuta maiti. Kwa hiyo barua hii naituma kwa huyo mpiga picha. Nimemwandikia juu, tafadhali mpe mama aliyekuomba umharibie picha.

Usijibu ukiona si salama. Ila ukijibu, tutumie nakala iliyonyooka. Mama anaogopa kuitoa hii mbele ya kioo, anasema ikitoka hapo fundo litarudi kulia. Nimemwachia. Wateja wanachana nywele bila kioo.

Mwanao,
Kijino